Maprofesa Gani Hao?

Hoja iliyochapishwa na mwenzetu mmoja ni hii: lugha za programu za funksheni, zile zisizobadili data ikishaundwa, ni za maprofesa, tovuti hubadilisha data kila sekunde, kwa hiyo anayetaka kazi ashike JavaScript, basi.

Tuanze na maprofesa. Erlang, mojawapo ya lugha hizo, haikuzaliwa chuoni. Ilianza mwaka 1986 katika kampuni ya Ericsson, Sweden, kwa ajili ya mitambo ya simu, ambako simu moja ikikatika haitakiwi kuangusha nyingine. WhatsApp ilijengwa juu yake, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba seva moja imebeba miunganisho zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja. Darasa kubwa hilo! Elixir, lugha ya Mbrazili José Valim, hutumia injini ileile, na kwa Phoenix, kiunzi chake cha tovuti, watu wanatengeneza tovuti za kawaida kabisa: fomu, malipo, gumzo.

Data kubadilika? Inakaa kwenye hifadhidata, kama ilivyo kwa wengine wote. Ombi linaingia, jibu linatoka. Hiyo ni funksheni, apende asipende. Na JavaScript anayoisifu? Brendan Eich, aliyeiunda, aliajiriwa na Netscape mwaka 1995 akiahidiwa kuweka Scheme, lugha ya funksheni, ndani ya kivinjari. React, maktaba yake maarufu, nayo inahimiza kutobadili data. Mwenzetu anaitukana familia alikooa.

Uhaba wa waandishi wa programu wanaozijua lugha hizi, sawa, nakubali upo. Haskell, lugha nyingine ya funksheni, hata mimi singeipa timu ya watu wawili wanaokabidhi kazi mwezi ujao. Lakini aliyezoea lugha ya Ruby hatishwi na sura ya Elixir. Kama alitaka kutuonya dhidi ya Haskell, angeandika Haskell.