Kichwa cha treni cha kuchezea chaweza kuipa thamani mbao ya Ikonda

WATOTO wa Makete na Njombe hawasubiri duka lifunguliwe ndipo wapate gari la kuchezea. Bua la mahindi, kopo tupu, waya na kandambili iliyokatika vinatosha. Gari likikamilika lina usukani, lina magurudumu na linabeba mchanga.

Kazi hiyo huonekana ya kitoto. Mtoto akikaribia kumaliza shule ya msingi huambiwa aache michezo akashike jembe. Hapo ndipo ujuzi unapotupwa, na pengine fedha nayo.

Kwingineko duniani watu wazima, wenye kazi na familia zao, huketi jioni wakibuni vichwa vya treni za mvuke kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea. Hawaungi ungi tu. Wanapima injini halisi, wanachora na kuhesabu vipande, kisha baadhi yao wanauza michoro kwa wenzao. Kwao mchezo umekuwa biashara.

Mkulima wa misindano wa Ikonda anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu kampuni kubwa ya vitofali hivyo ilianzia kwenye karakana ya seremala wa kijijini.

Seremala wa Billund

Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund nchini Denmark. Mwaka 1932, wakati uchumi wa dunia umeanguka na kazi za kujenga nyumba zimekuwa haba, aligeukia vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea. Mwaka 1934 aliipa shughuli yake jina la LEGO, kutokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri".

Kitofali cha plastiki kinachojulikana leo kiliombewa hataza Januari 28, 1958. Mwaka 1960 moto uliteketeza sehemu ya vifaa vya mbao, na kampuni ikaachana na mbao moja kwa moja. Treni za vitofali ziliingia sokoni mwaka 1966.

Billund haikuwa bandari wala jiji. Kilichomwinua seremala yule ni kwamba kazi ilipopungua hakukaa kulalamikia bei ya mbao. Alichukua mbao ileile akaifanyia kazi zaidi, kisha akaiuza kwa kipande badala ya kwa urefu.

Ufundi uko kwenye kipimo

Mtu akitazama kitofali anaona kipande cha plastiki chenye vinundu juu. Anayefanya biashara aone kipimo. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6. Kibamba chembamba kina milimita 3.2, hivyo vibamba vitatu vikipangwa juu kwa juu vinalingana na kitofali kimoja.

Kwa sababu vipimo hivyo havikubadilishwa, kitofali cha mwaka 1958 kinashikana na cha leo. Mnunuzi akinunua leo anajua atakachonunua mwakani kitaingiana. Imani hiyo ndiyo inayomrudisha dukani.

Kubuni treni ya mvuke kwa vipande vya namna hiyo si kazi ya kubahatisha. Boila ni la mviringo na vitofali ni vya mraba. Mbunifu hulazimika kugeuza vitofali vinundu vitazame pembeni ili apate umbo la pipa. Fito zinazounganisha magurudumu lazima zizunguke bila kukwama. Tatizo kubwa zaidi ni kona, kwani reli ya kuchezea hupinda kwa ukali na injini ndefu isiyo na maungio huacha reli.

Afrika Mashariki ina injini moja inayofundisha hesabu hiyo vizuri. Ni zile za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kati ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima. Moja yenye jina la Mlima Gelai imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Injini hizo zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na urefu wa zaidi ya mita 30, lakini zilipita kwenye reli ya upana wa mita 1 yenye kona nyingi kupanda kutoka Mombasa. Siri yake ni kwamba boila lilibebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila seti ikijipinda upande wake. Mbunifu wa treni ya kuchezea anayehangaika na kona hahitaji kugundua kitu kipya. Aige walivyofanya wahandisi hao.

Hesabu yenyewe iko hivi. Akichagua uwiano wa 1 kwa 48, kila mita ya injini halisi inakuwa sentimita 2 na kidogo. Injini ya mita 30 inakuwa sentimita 62 na nusu, kitu cha kukaa juu ya kabati. Hiyo ni hesabu ya kugawanya ya shule ya msingi. Kinachohitajika ni rula, penseli na mtu asiyekata kabla ya kupima.

Reli iko jirani

Wakazi wa Makambako hawahitaji kusafiri mbali kuona treni. TAZARA inapita hapo. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yake.

TAZARA ilianza na injini za dizeli. Hata hivyo watu wanaendelea kuiita gari moshi, jina lililobaki tangu enzi za mvuke. Jina hilo pekee linaonyesha kwamba treni ina nafasi katika kumbukumbu za watu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na watoto wengi wanaijua hata kama hawajaipanda.

Zawadi ya treni ya kuchezea ingekuwa na mnunuzi katika stesheni hizo na katika stendi ya mabasi ya Makambako, mahali zinapokutana barabara za Mbeya, Iringa na Songea. Ikonda nayo ina wageni wake. Hospitali ya Consolata hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, na anayekuja kumwona mgonjwa mara nyingi ameacha watoto nyumbani wanaosubiri atarudi na nini. Leo anachokikuta katika maduka mengi ni gari la plastiki lililovuka bahari.

Mabanzi hayana hesabu

Wakati huohuo, kando ya mashine za dingdong zinazopasua magogo Makete na Njombe kumejaa mabanzi na vipande vifupi. Vingine huwa kuni, vingine huchomwa, vingine huoza. Mwenye shamba, anapobanwa na ada za shule, huuza miti ikiwa michanga kwa bei anayoitaja mnunuzi. Anauza msitu na anabaki na visiki.

Hakuna anayedai kwamba vinyago vya treni vitamaliza mabanzi ya mkoa mzima. Havitamaliza. Lakini kipande ambacho hakina bei kikigeuka seti ya vipande 40 vya kuunda kichwa cha treni na mabehewa mawili, kimepata bei. Tofauti ya hapo si mbao, ni kipimo na kazi ya mikono.

Anayeanza asiige vinundu vya plastiki. Viwanda vya plastiki hutengeneza kwa usahihi ulio chini ya unene wa unywele, na mbao haiwezi. Msindano huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kipande kinachoingia sawasawa kwenye baridi ya Ikonda kitakwama kwenye unyevu wa Dar es Salaam. Njia bora ni matundu na vijiti vyenye nafasi kidogo, na mbao iliyokaushwa hadi unyevu ukaribie asilimia 12.

Hesabu ya kukata nayo ina mtego. Kipande cha mbao cha mita 1 kikikatwa vipande vya sentimita 6, wengi watasema vitapatikana 16. Msumeno wenye unene wa milimita 3 nao unakula, na vitapatikana 15. Asiyeuhesabu msumeno atashangaa faida imekwenda wapi mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Usalama pia ni sehemu ya biashara. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, hivyo vipande vidogo si vyake na mnunuzi aambiwe hivyo. Rangi isiwe na madini ya risasi. Kingo zipigwe msasa. Seti moja ikimwumiza mtoto mmoja, soko la kijiji kizima limefungwa.

Jina si mali ya kila mtu

Wapo watakaouliza kama sheria inaruhusu kuiga. Hataza ina muda wake, na ile ya kitofali cha 1958 imekwisha zamani. Mahakama Kuu ya Kanada iliamua mwaka 2005, na Mahakama ya Ulaya mwaka 2010, kwamba umbo la kitofali haliwezi kumilikiwa milele kama alama ya biashara. Ndiyo maana viwanda vingine hutengeneza vitofali vinavyoshikana na vya LEGO.

Jina ni jambo jingine. Anayeandika jina la kampuni ya mtu kwenye boksi lake anajitafutia kesi. Vijana wa Ikonda wakianzisha kazi hii watafute jina lao na kulisajili BRELA, na wabuni treni zao. Mchoro wao ndio shamba lisiloungua.

Mchoro una thamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2023 LEGO yenyewe iliingiza sokoni treni ya Orient Express yenye vipande 2,540, iliyotokana na pendekezo la shabiki. Katika mpango huo wazo hupimwa baada ya kuungwa mkono na watu 10,000, na likiingia kiwandani mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Zipo pia programu za kompyuta za bure, kama LDraw iliyoanza mwaka 1995, zinazomwezesha mtu kujenga treni nzima kwenye kioo bila kununua kitofali hata kimoja. Kijana wa Makambako mwenye kompyuta anaweza kujifunza humo kabla ya kugusa msumeno.

Hoja ya njaa

Wapo watakaosema mchezo haujazi ghala. Ni kweli. Viazi, chai, parachichi na mbao za ujenzi zitabaki kuwa uti wa mgongo wa Njombe, na hakuna mwenye akili atakayeng'oa viazi apande treni za kuchezea. Soko la vinyago ni dogo, na mtu akikopa fedha nyingi kwa ajili hiyo atajuta.

Lakini hoja hiyo inasahau msimu. Baada ya mavuno zipo wiki ambazo kijana hana cha kufanya na seremala hana oda ya kitanda. Kazi ya vipande vidogo hufanyika ndani, mvua ikinyesha, kwa msumeno, patasi na keekee vilivyopo tayari. Ikishindikana, hasara ni vipande vilivyokuwa vichomwe.

Waanze wachache, seremala mmoja na vijana wawili. Watengeneze seti 10, wazijaribu kwa watoto wa shule ya awali iliyo karibu, warekebishe kinachovunjika, ndipo wapeleke 20 Makambako. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya aina hii, na vyuo vya ufundi stadi vina walimu wanaojua kusoma mchoro. Waulizwe.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayefanya gari la mabua ligeuke kushoto na kulia ameshaelewa ekseli ni nini. Badala ya kumfokea kwa kuharibu kandambili, apewe rula na aulizwe gari lake lina urefu gani. Siku mbao ya Makete itakapouzwa kwa kipande kilichopimwa, mtoto wa namna hiyo ndiye atakayekuwa ameshika penseli.