Tulipime Gari Kabla ya Kumhukumu Dereva

Imekuwa ni desturi sasa kwamba kila mwaka, majuma machache kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa mbio za magari za Formula 1, mabaraza ya wapenzi wa mchezo huo huwaka moto. Huyu atamtaja bingwa wake na yule atamtaja wa kwake. Huyu atahesabu mataji, yule atahesabu umri. Wako wanaoagana kwa hasira kwa ajili ya watu wawili wakaao Monaco, ambao hawajui hata kwamba wagombanaji hao wapo duniani. Swali linalogombaniwa ni lile lile: nani dereva bora?

Sisi hatuna ugomvi na furaha ya watu. Mchezo ni burudani, na burudani isiyo na ubishi ni chai isiyo na sukari. Lakini ubishi nao una adabu zake, na adabu ya kwanza ni kuuliza swali lililo kamili. Kuuliza nani dereva bora bila ya kuuliza ameketi ndani ya gari gani, lililotengenezwa na mikono ya nani, ni sawa na kumsifu nahodha na kukisahau chombo. Maoni yetu ni kwamba mashabiki wengi hukosea utabiri si kwa kuwa hawawajui madereva, bali kwa kuwa wanawajua madereva peke yao.

Tuuchukue msimu wa 2025 uwe ushahidi, kwa kuwa umekwisha na hesabu zake zimefungwa. Tarehe 1 Februari 2024 ilitangazwa kwamba Lewis Hamilton wa Uingereza ataihama Mercedes na kujiunga na Ferrari ya Italia kuanzia msimu wa 2025. Mashabiki wakawa na mwaka mzima wa kungoja. Huyu alikuwa mtu mwenye mataji 7 ya dunia, na hadi mwisho wa mwaka 2024 alikuwa amekwisha kushinda mbio 105. Ferrari nayo haikuwa imetoa bingwa wa dunia tangu Kimi Räikkönen mwaka 2007, lakini katika mwaka 2024 iliukosa ubingwa wa makampuni kwa pointi 14 tu, nyuma ya McLaren. Hesabu ya mashabiki ikawa nyepesi: gari lililokosa kidogo, likipewa dereva mkubwa, litakipata kilichopungua. Ubishi ukabaki juu ya jambo moja, kwamba je, Hamilton, aliyetimiza miaka 40 mwezi wa Januari, ataweza kumshinda mwenzake Charles Leclerc aliye kijana zaidi?

Tarehe 16 Machi 2025, mjini Melbourne, Australia, mvua ikanyesha na utabiri ukaloa. Lando Norris wa McLaren alishinda, Max Verstappen wa Red Bull akawa wa pili. Leclerc alikuwa wa 8 na Hamilton wa 10. Kabla matairi hayajapoa, hukumu ilikwisha kutolewa: mzee amekwisha. Juma moja baadaye, mjini Shanghai, Hamilton huyo huyo akashinda mbio fupi za Jumamosi. Hukumu ikageuzwa: mfalme amerudi. Kesho yake, baada ya mbio kuu, wakaguzi wakayapima magari yote mawili ya Ferrari na kuyafuta katika matokeo. Ubao ulio chini ya gari la Hamilton ulikuwa umesagika kwa nusu milimita kupita kiwango kilichowekwa, ambacho ni milimita 9. Gari la Leclerc lilikuwa na upungufu wa kilo 1 katika uzito wa kilo 800 uliotakiwa.

Tunamwomba msomaji atue hapo kidogo. Gari la namna hii huwekwa karibu sana na ardhi ili hewa ipitayo chini yake ilivute na kulishikiza barabarani. Likishushwa mno, ubao ule unasuguliwa na lami. Likiinuliwa kwa usalama, kasi inapotea. Kuitafuta mizani hiyo ni kazi ya wahandisi na mafundi, wala si ya mtu aliyeshika usukani. Basi nusu milimita ile ilisema juu ya msimu wa Ferrari mengi kuliko yote yaliyosemwa vijiweni tangu Februari ya mwaka uliotangulia. Msimu ulipokwisha, Ferrari ilikuwa ya 4 katika makampuni bila ya kushinda hata mbio kuu moja. Hamilton naye, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza mwaka 2007, hakupanda jukwaa la washindi watatu katika mbio kuu yoyote ya mwaka ule.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunasema dereva si kitu. Insafu inatutaka tuseme pia kwamba Leclerc, katika gari la aina ile ile, alilipanda jukwaa hilo mara 7. Verstappen naye aliendelea kushindania ubingwa hadi siku ya mwisho, katika kampuni ambayo mwenzake alikuwa akihangaika kupata pointi chache. Kwa hiyo mtu anao uzito wake. Tunalosema ni kwamba uzito huo haupimwi kwa macho wala kwa mapenzi. Hupimwa kwa kuwalinganisha wawili wenye chombo kimoja, tena kwa muda wa kutosha, si kwa mbio moja ya mvua.

Waliodhulumiwa zaidi na haraka hii ni vijana. Isack Hadjar, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, aliingia Melbourne akiwa mgeni kabisa. Katika mzunguko wa kupasha matairi, kabla mbio hazijaanza, gari lilimteleza likagonga ukuta. Alirudi kwa miguu akilia ndani ya kofia yake, na mkubwa mmoja wa kambi yake mwenyewe akasema hadharani kwamba kilio kile ni aibu. Ni mzee Anthony Hamilton, baba yake Lewis, aliyekwenda kumshika bega. Tarehe 31 Agosti mwaka huo huo, mjini Zandvoort, Uholanzi, kijana yule alimaliza wa 3. Kabla mwaka haujaisha akateuliwa kuwa mwenzake Verstappen kwa msimu wa 2026.

Na kiti hicho alichopewa kina kisa chake. Liam Lawson wa New Zealand alikikalia kwa mbio 2 tu, za Melbourne na Shanghai, kisha akaondolewa. Akawekwa Yuki Tsunoda wa Japani, na mashabiki wengi wakashangilia wakisema sasa amepatikana mtu wa kazi. Tsunoda naye akahangaika katika gari lile hadi mwisho wa msimu na kukipoteza kiti. Lawson aliyedhaniwa hafai alirudishwa katika kampuni ndogo ya kundi hilo hilo, na mwezi wa Septemba akamaliza wa 5 mjini Baku. Ikiwa wapandaji wawili wameangushwa na farasi mmoja, mtu mwenye akili humtazama farasi.

Wengine watatuuliza, je, mbio za kwanza hazina maana basi? Zinayo maana, lakini si ile ambayo mashabiki huitafuta. Siku ile ya Melbourne, Oscar Piastri wa McLaren alikuwa wa pili nyumbani kwao Australia, mvua iliporudi ghafla. Aliteleza, akakwama kwenye majani, akamaliza wa 9 na kupata pointi 2 badala ya 18. Hakuna aliyelia sana, kwa kuwa zilikuwa zimesalia mbio 23. Mwezi wa Desemba hesabu ilipofungwa, Norris alikuwa na pointi 423, Verstappen 421, na Piastri 410. Zile pointi 16 zilizobaki katika majani ya Melbourne zingempa Piastri jumla ya 426. Hivyo mbio za kwanza hazikutuonyesha nani ni bora, ila pointi zake zilikuwa na thamani sawa na za mwisho. Mkulima anajua: mvua ya kwanza haimwambii mavuno yatakuwaje, lakini aliyeikosa kupanda huikumbuka wakati wa kuvuna.

Tunarudi kwenye mikono tuliyoitaja mwanzoni. Mwaka 2023, nchini Qatar, mafundi wa McLaren waliyabadili matairi manne ya gari la Norris kwa sekunde 1.80. Msomaji akishusha pumzi moja, kazi imekwisha. Ni nani katika mabaraza yetu awezaye kumtaja kwa jina hata mmoja wa mafundi wale? Na mwaka 2021 wakuu wa mchezo walipoweka kikomo cha matumizi cha dola milioni 145 kwa kila kampuni, mishahara ya madereva iliachwa nje ya hesabu. Hata daftari la fedha, basi, limemtenga dereva na wenzake, na sisi watazamaji tumelifuata daftari.

Watu wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kusafiri hadi Melbourne kulipata somo hili, kwani tulikwisha kufundishwa na Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita katika nchi zetu tatu. Kila Pasaka ubishi ulikuwa mmoja: je, mgeni kutoka ng'ambo ataweza? Hadi mwaka 1971 jibu lilikuwa hapana, kwa kuwa kila mwaka alishinda mkazi wa hapa. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliposhinda mwaka 1965 kwa Volvo, na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alikuwa mtu anayeisikia injini kama mama anavyomsikia mtoto usingizini. Wazee wakasema mgeni hawezi kabisa. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akaja na Ford Escort, pamoja na kampuni iliyojiandaa kwa magari ya msaada na mafundi, akashinda. Msemo ule ukafa siku hiyo. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, somo likarudiwa: katika miaka mitano hadi 2025 walishinda Sébastien Ogier, Kalle Rovanperä na Elfyn Evans. Madereva walikuwa watatu, lakini gari la ushindi miaka yote mitano lilikuwa Toyota.

Liko jambo jingine linalotuhusu. Mbio za Formula 1 zilifanyika Afrika kwa mara ya mwisho mwaka 1993, huko Kyalami, Afrika Kusini. Mwezi wa Desemba 2024 Rwanda ilitangaza rasmi mjini Kigali kwamba inaomba kuzileta tena barani. Tunaipongeza nia hiyo. Hata hivyo, tungependa ubishi wetu usiishie kwenye njia ya lami na mahali pa kukaa watazamaji. Bara linalotoa watazamaji tu litabaki likigombania majina ya watu wengine. Bara lenye vijana wanaojua kwa nini ubao umesagika nusu milimita litakuwa na la kusema.

Tunayasema haya si kwa ajili ya mbio peke yake. Tabia ya kumtazama mtu na kusahau chombo tunayo nyumbani. Timu ikifungwa mechi mbili, kocha hufukuzwa. Kiwanda kikizorota, meneja huhamishwa, na mtambo hubaki ule ule uliochakaa, ukimngoja meneja mwingine umwaibishe. Mwalimu hulaumiwa kwa matokeo ya darasa lenye vitabu vitano kwa watoto mia. Mara nyingine ni kweli mtu hafai, na hapo aondoke. Lakini anayehukumu kabla ya kupima hatajua lini ni mtu na lini ni mtambo, na kosa lake atalirudia kwa jina jipya.

Kwa hiyo msimu mwingine unapokaribia, mashabiki na wabishane, na kila mmoja amshangilie wake. Ila atakapotokea wa kusema fulani ni bora na fulani amekwisha, aulizwe kwa upole: gari lake umelipima? Mwenzake katika gari lile amefanya nini? Umempa muda gani? Akishindwa kujibu, baraza limwongezee kikombe cha chai na kumsihi angoje. Haraka haina baraka, hata katika mchezo ambao kazi yake yote ni kukimbia.