Nirudishieni Nyota Yangu

Ukiuliza Twitter iliharibika lini, wengi watakutajia Elon Musk na mwaka 2022. Mimi nataja tarehe 3 Novemba 2015, siku nyota ilipogeuzwa moyo.

Utaniambia ni alama tu. Hapana. Nyota ilikuwa haisemi kitu, na uzuri wake ulikuwa hapo hapo. Sisi waandishi wa habari tuliiweka kwenye kauli ya waziri ili tuje kumkumbusha siku moja. Mwingine aliiweka kwenye makala ya kusoma jioni, mwingine alifunga nayo mazungumzo kistaarabu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Ilikuwa alama ya penseli pembeni mwa kitabu: aliyeiweka ndiye anayejua maana yake. Sasa hebu weka moyo kwenye habari ya ajali ya basi uone utakavyotazamwa.

Sababu waliyotoa ni kwamba nyota iliwachanganya watu, hasa wageni. Sawa, mgeni huchanganyikiwa. Hata mimi nilichanganyikiwa. Nikakaa, nikatazama wenzangu wanafanyaje, nikaelewa. Lugha yoyote hujifunzwa hivyo. Hakuna anayefuta ngeli za Kiswahili eti kwa sababu mtalii kule Zanzibar amesema "kitabu yangu".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata nyota za zamani ziligeuzwa. Zote! Kauli iliyohifadhiwa 2012 kama ushahidi, kufumba na kufumbua, ikawa kitu "ulichokipenda". Mhariri akinibadilishia sentensi naweza kwenda mezani kwake tukagombana. Hawa walirudi kwenye vitabu vyetu wakaandika upya pembezoni, tena kwa mwandiko wetu.

Na hao wageni wako wapi? Mwishoni mwa 2015 Twitter ilikuwa na watumiaji takriban milioni 320 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye, takriban milioni 330. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni alichungulia mlangoni akaendelea na safari zake, mwenyeji akabaki na nyumba asiyoijua.

Halafu Februari 2018 wakaleta alamisho, yaani kitufe cha kuhifadhi twiti bila kutangaza kwamba umeipenda. Juni 2024, mtandao ukiwa umeshaitwa X, wakaficha orodha ya vile kila mtu alivyovipenda, ili watu wasiogope kubofya. Bila shaka waliogopa! Moyo ni tamko. Nyota nayo ilionekana na kila mtu, lakini haikukufunga kwa neno lolote. Karibu miaka tisa ya kuziba tundu walilolitoboa wenyewe.

Alamisho naitumia, sikatai. Ila aliyeandika hajui kama ni mimi niliyepita pale nikaitikia kwa kichwa.