Likizo kubwa: kambi isitoke Lubumbashi bila sanduku la huduma ya kwanza

Mwezi wa saba na wa nane, masomo yakiwa yamefungwa na kipwa kikiwa kimekausha barabara, Lubumbashi inaanza kutoka nje. Skauti wanakunja mahema, vijana wa Kiro wanahesabu sufuria, kwaya na makundi ya parokia yanakodi basi. Familia zenye gari zinapanga siku mbili tatu kando ya ziwa Tshangalele, kwenye maporomoko ya Kiubo ao yale ya Lofoi. Katika orodha ya vitu vya kubeba kuna unga wa bukari, makala, blanketi, ngoma na kipaza sauti. Sanduku la huduma ya kwanza linatajwa mwisho, ao linasahauliwa kabisa.

Wengine watajibu kwamba sanduku liko kwenye gari. Ni kweli, wenye magari wengi wako na kisanduku chenye msalaba. Lakini wengi wanakijua kama kitu cha kuonyesha polisi wa barabarani, pamoja na kizima-moto na pembetatu. Mwenye gari akifungue leo na asome tarehe zilizoandikwa kwenye dawa. Ajaribu sparadra kama ingali inashika. Kisha ajiulize kama vile vilivyomo vinaweza kuwatosha watoto 30 kwa siku tatu.

Jambo linalotakiwa ni la kawaida na halihitaji sheria mpya. Kundi lolote linalopeleka watoto wa watu porini liwe na sanduku kamili, na liwe na mtu mmoja ao wawili waliofundishwa kulitumia. Mzazi ana haki ya kuona sanduku hilo na kumjua mtu huyo mbele ya kutoa mchango wake.

Sababu ya kwanza ni umbali. Mtoto akijikata mguu katika mtaa wa Kenya ao Katuba, jirani anamkimbiza kituo cha afya, na jambo likiwa kubwa kuko hospitali Jason Sendwe na Kliniki za chuo kikuu. Lofoi ni habari nyingine. Maporomoko hayo, yenye zaidi ya mita 300, yako ndani ya hifadhi ya taifa ya Kundelungu iliyoundwa mwaka wa 1970, zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya Lubumbashi. Mtu akiteguka ao akivunjika mguu chini kule, lazima kwanza abebwe hadi penye gari. Kisha inaanza barabara ya vumbi na mashimo, na kuna sehemu ambako simu haishiki. Nje ya mji, gari la wagonjwa ni lile lile lililowaleta.

Kwa hiyo, anayetayarisha sanduku ajiulize swali moja mbele ya kwenda dukani: kutoka pale tutakapolala hadi kwa munganga, ni masaa mangapi? Saa moja, sanduku dogo linatosha. Masaa sita, vitu viwe vingi zaidi, na dereva asilale mbali na gari. Aulize pia kituo cha afya kilicho karibu na kambi ni kipi, hospitali kuu ya eneo la afya iko wapi, na aandike namba za simu kwenye karatasi. Betri ya simu inakwisha, karatasi inabaki.

Shida zinazotokea sana kambini ni ndogo: miguu yenye malengelenge, kujikata na kisu cha jikoni, kuanguka kwenye mawe, miiba. Hapa sanduku lina kazi yake kubwa. Kwa kundi la watu 20 hadi 30 kwa siku tatu, liwe na jozi 10 za glavu za mpira, kompresi safi 30 hivi, bandeji 6 za upana tofauti, sparadra mbili, dawa ya kusafisha kidonda yenye iodi, sabuni, makasi, kibano cha kutolea miiba, pini za kufungia, kipimajoto, tochi na firimbi. Kitenge kikikatwa pembe tatu kinabeba mkono uliovunjika sawasawa na kile kinachouzwa kwenye farmasi. Vijiti viwili vilivyonyooka, vikifungwa na kitambaa, vinashikilia mguu usitikisike njiani.

Damu ikitoka sana, kitu cha kwanza ni kukandamiza kidonda kwa nguvu na kompresi ao kitambaa safi, dakika 10 bila kufungua kutazama. Kompresi ikilowa, nyingine inawekwa juu yake. Wengi wanaondoa ya kwanza ili waone, na damu inaanza upya. Kidonda kidogo kinaoshwa kwa maji safi na sabuni mbele ya kuweka dawa yoyote. Majivu, udongo na mafuta ya gari havina nafasi kwenye kidonda.

Hatari ya pili ni moto. Lubumbashi yenyewe iko karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kundelungu unapanda hadi karibu mita 1.700. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Watoto wanasogelea moto, sufuria ya maji inapinduka, na mtu anaungua. Mahali palipoungua pamwagiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha pafunikwe na kitambaa safi kisichoshika kidonda. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga na mayai vinaongeza uchafu na kuzuia joto kutoka. Malengelenge yasipasuliwe.

Baridi hiyo hiyo inaleta kosa linaloua kimya kimya: kuingiza mbabula ndani ya hema ili watu walale kwenye joto. Makala yanapowaka yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na aliyelala hawezi kuisikia. Hakuna kitu ndani ya sanduku kinachotibu hiyo. Dawa yake ni blanketi la ziada na kiongozi anayepita kila hema usiku mbele ya kulala, akihakikisha kwamba mbabula zote ziko nje.

Hatari ya tatu ni maji. Haut-Katanga inajua kolera, na hakuna haja ya kumfundisha mkaaji wa hapa kuogopa maji ya mto. Hata hivyo, kambini watu wanachoka, maji yaliyochemshwa yanakwisha, na mtoto anakunywa pale alipo. Sanduku liwe na vidonge vya klorini vya kusafishia maji na pakiti za serumu ya kunywa zisizopungua 10, kila moja kwa litre moja ya maji safi. Zikikosekana, litre moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kujaza kupita ukingo, vinaweza kumsaidia anayeharisha mpaka afike kwa munganga. Chumvi isiongezwe. Mtoto anayeharisha sana, anayetapika kila anachokunywa ao aliyelegea, asingojewe hadi asubuhi.

Kuhusu nyoka, hapa hofu ni nyingi na makosa ni mengi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81.000 na 138.000 wanakufa kutokana na sumu ya nyoka duniani, na mwaka wa 2017 liliweka tatizo hilo kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Katanga ina mamba mweusi, swila anayetema sumu na moma, yule mnene anayelala kwenye njia bila kukimbia. Baridi ya kipwa inapunguza mwendo wa nyoka, lakini haiwaondoi.

Wazazi wengine wanauliza kwa nini sanduku lisiwe na dawa ya kuzuia sumu. Dawa hiyo inaingizwa kwenye mshipa, chini ya macho ya munganga, kwa sababu mwili wa mtu unaweza kuikataa vibaya sana. Tena inapatikana kwa shida. Moja iliyotumiwa sana Afrika, Fav-Afrique, ilisimamishwa kutengenezwa mwaka wa 2014, na akiba yake ya mwisho ilipita tarehe mwaka wa 2016. Kwa hiyo kazi ya kiongozi wa kambi ni kupiga simu mbele ya safari na kuuliza ni hospitali gani ambayo kweli iko na dawa hiyo wiki hiyo. Kukimbiza mgonjwa kwenye hospitali isiyo nayo ni kupoteza masaa ambayo hayatarudi.

Aliyeumwa alale, asitembee, atolewe pete, saa na viatu vinavyobana mbele mguu ao mkono haujavimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe na vijiti kama kilichovunjika, bila kubana, kisha abebwe hadi kwenye gari. Asichanjwe na wembe, asinyonywe sumu, asikazwe kamba. Jiwe jeusi ambalo familia nyingi zinalitunza halijathibitishwa kuondoa sumu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linawapa watu moyo wa kungojea. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Aspirini na ibuprofeni ziachwe, kwani zinaweza kuongeza kutoka damu. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Na kwa kuwa kinga ni rahisi kuliko dawa, viatu vya kufunika mguu na tochi usiku ni sehemu ya huduma ya kwanza.

Kuna sehemu ya sanduku ambayo farmasi haiwezi kuuza: habari za kila mtoto. Mbele ya kuondoka, mzazi aandike ugonjwa ambao mtoto anao, dawa anazokunywa, kitu ambacho mwili wake unakataa, na namba ya simu inayopatikana hata usiku. Mtoto mwenye SS anastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu baridi, kiu na uchovu, vitu vitatu ambavyo kambi inavyo kila siku, ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Si lazima akatazwe kwenda. Lakini anywe maji kila mara, afunikwe vizuri, asilazimishwe kupanda mlima mbio, na dawa zake ziwe mkononi mwa kiongozi anayejua. Ni vivyo hivyo kwa mwenye pumu, ambaye vumbi la barabara linaweza kumkaba, na kwa mwenye kifafa ao kisukari.

Kuna pia vitu ambavyo havitakiwi kuingia sandukuni. Antibiotiki zilizobaki nyumbani, sindano, na vidonge visivyo na jina vilivyofungwa kwenye karatasi sokoni, vyote vibaki. Parasetamoli yenyewe inapimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, si zaidi ya mara 4 kwa masaa 24. Homa kambini isitibiwe kwa kubahatisha. Katika jimbo hili inaweza kuwa malaria, na malaria inapimwa kwanza. Ndiyo maana chandarua ni cha lazima hata wakati wa kipwa. Na mtoto akipata homa wiki mbili ao tatu baada ya kurudi, mzazi amwambie munganga kwamba alilala porini.

Wengine watasema feza hakuna. Ni jibu la kweli katika mji ambako wazazi wanahangaika hata na mchango wa basi. Lakini bei ya sanduku ikigawanywa kwa watoto 30 inakuwa ndogo, na vitu vingi vinadumu zaidi ya likizo moja. Parokia tatu zinaweza kununua sanduku moja zuri na kulitumia kwa zamu, mradi mtu mmoja awe na daftari la kuandika kilichotumiwa na kukirudisha. Kinachogharimu zaidi ni sanduku lililojaa ambalo hakuna anayejua kulitumia. Msalaba Mwekundu wa RDC unafundisha huduma ya kwanza, na kila parokia ya Lubumbashi haikosi muuguzi ambaye anaweza kutoa mangaribi mbili kwa ajili ya vijana. Wajifunze kufunga bandeji kwenye mguu wa mwenzao kanisani, mbele hawajalazimika kuifunga gizani mtoto akilia.

Wakuu wa shule na wa makundi ya vijana wanaweza kuanza likizo hii: barua ya ruhusa ya mzazi ibebe pia jina la anayehusika na afya na jina la hospitali iliyopigiwa simu. Hifadhi za taifa, ambako ruhusa ya kuingia inaombwa, zinaweza kuuliza sanduku hilo mlangoni, na kulifungua. Wazazi nao hawahitaji kungojea mtu yeyote. Siku ya kikao cha kambi, baada ya kuuliza bei na saa ya kuondoka, waombe sanduku liwekwe mezani na lifunguliwe. Kama haliko, kuna nafasi ya kulitafuta mbele basi haijaondoka.