Maktaba ni Mali ya Wananchi Wote

Tarehe 9 Desemba, 1967, siku Tanzania Bara ilipotimiza miaka sita ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Wakati huo watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Wapo walioweza kudhani kwamba nyumba kubwa ya vitabu katika nchi ya namna hiyo ni anasa. Dhana hiyo ilikuwa na kosa, kwa kuwa anayefundishwa kusoma leo atahitaji kitabu kesho.

Vita dhidi ya ujinga vilivyofuata vinajulikana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ilipofika 1986 idadi ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika ilihesabiwa kuwa asilimia 90. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha asilimia 78 hivi. Sababu za kurudi nyuma zilikuwa nyingi, zikiwamo dhiki za uchumi na watoto wengi kukosa shule. Hata hivyo sababu moja haina budi kutajwa: vijiji vingi vilifunzwa kusoma, kisha vikakosa cha kusoma. Mtu aliyefunzwa kusoma akanyimwa kitabu ni sawa na mkulima aliyepewa jembe akanyimwa shamba.

Kwa hiyo yafaa kuuliza leo: maktaba za umma zinamtumikia nani? Aingiaye katika maktaba ya mkoa aghalabu huwakuta wanafunzi wakijiandaa kwa mitihani. Hilo ni jema. Lakini mama mkulima hayumo, na mzee aliyestaafu hayumo. Kipofu hayumo, kiziwi hayumo, wala kijana atembeleaye kiti cha magurudumu. Hapana tangazo mlangoni linalowakataza watu hawa. Wanakatazwa na ngazi zisizo na mteremko, na saa za kufungua zinazolingana na saa za kazi shambani na sokoni. Wanakatazwa pia na rafu zisizo na kitabu hata kimoja cha nukta nundu, au cha maandishi makubwa ambacho mtu mwenye ualbino angeweza kukisoma bila kuyaumiza macho yake.

Sheria hazikosekani. Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba wajibu wa kueneza maktaba nchini na kushiriki katika kuufuta ujinga. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetamka haki yao ya kupata huduma za umma na habari. Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vyombo vinavyohusika kuvigeuza vitabu kuwa vya nukta nundu, vya maandishi makubwa au vya kusikilizwa, bila kumwomba kwanza ruhusa mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine. Lakini mkataba hauchapi kitabu, na sheria haijengi mteremko. Kazi hiyo hufanywa na watu.

Watu hao ni akina nani? Jibu limo katika historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi, kwa redio na vijitabu. Viongozi wa vikundi walipewa mafunzo mafupi, na wananchi wakakutana mahali popote palipofaa. Serikali ilileta maarifa na vifaa. Wananchi walileta mahali, muda na ari. Baada ya masomo walichimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozaa mbu. Huo ulikuwa ushirikiano wa kweli, kwa maana kila upande ulitoa ulichokuwa nacho.

Maktaba zaweza kuifuata njia hiyo. Shule ya msingi ina madarasa ambayo ni matupu jioni. Sanduku la vitabu kutoka maktaba ya mkoa laweza kukaa humo na kubadilishwa kila muhula. Chama cha msingi cha ushirika hukusanya wakulima wakati wa mavuno. Hapo ndipo pa kusomea kijitabu cha kilimo bora. Msikiti na kanisa vina kumbi na watu wanaoaminiwa. Vyama vya watu wenye ulemavu vinajua kuliko mkutubi yeyote ni kitabu gani kigeuzwe kwanza, na nani afundishe lugha ya alama. Mwanafunzi wa sekondari aweza kumsomea bibi asiyeona, na bibi akamsimulia hadithi za kwao ambazo bado hazijaandikwa.

Hata hivyo ushirikiano usigeuzwe kuwa kisingizio. Halmashauri isiyotenga fedha za maktaba, kisha ikawaambia wananchi wajitolee, haishirikiani nao. Inawatwisha mzigo wake. Mshahara wa mkutubi, paa lisilovuja na vitabu vipya ni wajibu wa umma. Kadhalika, shehena ya vitabu vya msaada visivyochaguliwa na watakaovisoma haistahili kuitwa ushirikiano. Kitabu chakavu cha lugha isiyojulikana kijijini hujaza rafu tu. Anayetaka kusaidia aanze kwa kuuliza.

Limebaki neno kwa watumishi wa umma na walimu, kwa kuwa ndio washikao funguo. Katika shule nyingi vitabu hufungiwa kabatini ili visichakae, na mwalimu hupongezwa kwa kuwa hakuna kilichopotea. Uangalifu wa namna hiyo ni hasara. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa wasomaji kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kwa miaka kumi hakijamfaa mtu. Ofisa utamaduni, ofisa elimu na mkutubi wa wilaya hawana haja ya kungoja waraka ili wakutane na kiongozi wa chama cha wasioona, na kupanga saa mbili za Jumamosi za kusomeana vitabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Maktaba ya umma ni mali ya kila mmoja wao, na mali ya umma isiyofikiwa na wenyewe ni deni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vyote vikikaa vikingojana, chawa ataendelea kunenepa.