Gari kuukuu la Kitengela: Tulitengeneze au tuachane nalo?

Swali moja halikosekani siku hizi Wapwani wanaoishi bara wakikutana: gari limeharibika, fundi ametaja pesa nyingi, je, tutengeneze au tuuze?

Kitengela, kaunti ya Kajiado, swali hili lina uzito wake. Serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba mizigo ipandishwe reli ya SGR hadi Nairobi, kazi za bandari zilipungua Mombasa na wapo ndugu zetu waliozifuata bara. Septemba 2022 Rais Ruto alirudisha shughuli hizo pwani, lakini si wote waliorudi. Watoto washaingia shule, na wengine washanunua ploti. Kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30. Anayekwenda na kurudi siku 22 kwa mwezi hutembea zaidi ya kilomita 1,300. Gari kwake si la fahari, ndilo linalomfikisha kazini.

Kanuni ya zamani ilisema gharama ikipita nusu ya bei ya gari, liuze. Ilikuwa na maana wakati ambapo gari jingine lilipatikana kwa urahisi. Leo mambo yamebadilika.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2025 ilikuwa ni gari lililosajiliwa kuanzia 2018, na kila Januari mstari husogea mwaka mmoja mbele. Kisha zinakuja kodi, na kodi hizo hupandiana. Chukua gari dogo lisilozidi sisi 1500, ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, unafika 135. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 unahesabiwa juu ya hiyo 135, unafika 162. VAT ya asilimia 16 inakupeleka karibu 188. Ongeza ada ya uagizaji na ya reli, unakaribia 192. Yaani kila shilingi 100 ya thamani inabeba kodi ya shilingi 92 hivi. Injini ikiwa kubwa zaidi, kodi nayo hupanda.

Ndiyo maana hata magari yaliyomo nchini miaka mingi hayashuki bei kama zamani. Mwenye kuuza lake kwa hasira anakuta la kununua liko mbali.

Kwa hivyo ulinganisho wa kweli ni huu: matengenezo yatakununulia miezi mingapi? Tuseme gari lilichemka, gasketi ya hedi ikaungua, na fundi anataka 180,000 kwa injini ya mtumba kutoka Japani na kazi yake. Gari likienda miaka 2, ni 7,500 kwa mwezi. Sasa tuseme badala yake umekopa 800,000 kuongezea gari jingine, ulipe miezi 36. Kabla hata ya faida ya benki, ni zaidi ya 22,000 kwa mwezi. Ni kweli mwisho wake utabaki na gari lenye thamani zaidi, lakini karo na kodi ya nyumba hazingoji miaka 3. Upande wa pili, gari hilo kuukuu likidumu miezi 6 tu, umelipa 30,000 kwa mwezi na umebaki kwa miguu.

Hapo ndipo penye kazi: kujua litadumu muda gani. Usiitazame injini pekee. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, bodi iliyooza haibadilishwi. Gari lililokaa Mombasa hubeba chumvi ya bahari, na kutu huanzia chini, mahali pasipoonekana. Kajiado ni kukavu, kutu si nyingi, lakini vumbi huziba chujio la hewa, na barabara za ndani zenye udongo mweusi huvunja bushi na shokomzoba. Basi kabla ya kutoa hata senti, gari lipandishwe juu na fundi mwingine, asiye na haja ya kukuuzia injini, alitazame chini. Akikuta chesisi imeliwa, usitengeneze. Likiwa zima chini na tatizo ni moja linalojulikana, tengeneza.

Kuna mlango mmoja wa kuuepuka, nao ni mkopo wa kuweka kitabu cha gari rehani ili kulitengeneza gari hilohilo. Ukiacha riba, ambayo hukumu yake tunaijua, ukishindwa kulipa unapoteza gari pamoja na pesa za fundi. Anayelazimika kununua jingine aulize benki za Kiislamu kuhusu murabaha, ambapo benki hununua gari na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Si rahisi kwa bei, lakini deni halikui. Na anayeuza bovu amwambie mnunuzi ubovu wake. Dini yetu haikuruhusu kuficha aibu ya bidhaa.

Serikali nayo isitazame pembeni. Mwaka 2024 ilitaka kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, ikaondolewa baada ya wananchi kupinga. Mwaka 2025 NTSA ikaleta rasimu ya kanuni zinazotaka magari ya binafsi yaliyozidi miaka 4 tangu kuundwa yakaguliwe. Ukaguzi wa breki na matairi ni jambo la kheri, barabara ya Namanga inauhitaji. Lakini huwezi kumfungia mtu mlango wa gari jipya kwa kodi, kisha umwadhibu kwa kubaki na la zamani. Ukaguzi ukija, uje pamoja na nafuu ya kodi kwa magari madogo na kwa spea za breki na usukani. Bila hivyo, mwenye uwezo atapita, na asiye nacho atatafuta wa kumpa kitu kidogo ili apite.