Kabla hujauza mahindi ununue pikapu yenye turbo



Mwezi wa saba huku kwetu ndio mwezi wa pesa. Maharage yameshauzwa, mahindi yanatoka stoo, na simu yangu inabadilika kabisa. Mwezi wa pili watu wananitumia picha za viwavijeshi, mwezi wa saba wananitumia picha za magari. Wiki hii peke yake nimepokea Hilux Vigo tatu, Ford Ranger moja, na kijana mmoja kanitumia Raptor nyekundu, sijui aliitoa wapi. Wote swali lao moja: "Bwana shamba, hii vipi?"

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si fundi magari. Ila mkulima akinunua gari vibaya, matokeo yake nayaona mimi mwezi wa kumi na mbili nikipita shambani: mahindi yamekaa ya njano, na nyumbani kuna pikapu imefunikwa turubai. Kwa hiyo na mimi nina la kusema, na nitalisema wazi. Mkulima anayenunua pikapu iliyotumika kwa mara ya kwanza asinunue ile yenye nguvu nyingi. Anunue ya kizamani, nzito, isiyo na turbo. Kama hela haitoshi hiyo, msimu huu aendelee kukodi.

Najua vijana watanuna. Twende taratibu.

Tuanze na hiyo Raptor, maana ndiyo inayoonyesha vizuri jambo lenyewe. Ford walianza na Raptor kubwa ya F-150 mwaka 2009, wakaleta Ranger Raptor mwaka 2018. Ni gari la kukimbia jangwani na kuruka matuta. Ili liruke vizuri, nyuma wametoa springi za majani wakaweka za koili. Matokeo yake, Ranger Raptor inabeba mzigo mdogo kuliko Ranger ya kawaida. Ranger ya kawaida inabeba kama tani moja, Raptor inaishia chini ya kilo 800. Yaani unalipa hela nyingi zaidi ubebe gunia chache zaidi. Anayetengeneza gari anaposema "nguvu" anamaanisha mwendo. Wewe ukisema nguvu unamaanisha gunia kumi za mahindi kutoka bondeni mwezi wa tatu, mvua imenyesha tangu usiku, daraja la miti limelegea. Ni neno moja, ila mnazungumza vitu viwili.

Sasa Vigo, ambayo ndiyo mnayoitaka zaidi, na siwalaumu, ni gari zuri. Ile ya lita 3.0 ina injini inayoitwa 1KD, yenye turbo na mfumo wa dizeli unaosukumwa kwa presha kubwa sana na kuongozwa na kompyuta. Inavuta kweli. Mlima wa kutoka mtoni unaupanda na gia ya tatu huku unapiga stori. Lakini nozo zake zina matundu membamba mno, na zinataka dizeli safi. Jiulize dizeli utaijazia wapi. Ukiwa Kasulu mjini, sawa, kuna vituo. Ukiwa ndani huko unakolima, siku taa ya mafuta imewaka, unanunua kwenye dumu dukani, dumu ambalo jana lilikuwa na mafuta ya taa na juzi lilikuwa na maji. Injini ya zamani itakohoa, itatoa moshi, itaendelea. Nozo za Vigo haziendelei.

Na kuna ugonjwa mwingine wa 1KD ambao mafundi wanaujua na madalali hawausemi. Vile visili vya chini ya nozo vikichoka, moshi unapenya unaingia kwenye oili, oili inageuka uji mweusi, na ule uji unaziba chujio la pampu ya oili chini kabisa kwenye sampo. Oili haipandi tena, na injini inakufa ghafla. Gari linaweza kuwa limepakwa rangi upya, viti vya ngozi, redio ya kioo, na ugonjwa huo upo ndani unasubiri.

Dalali akikwambia Vigo yake "imetoka Japani moja kwa moja", mwangalie usoni. Vigo haikuuzwa Japani. Toyota waliacha kuuza Hilux kwao mwaka 2004 na wakairudisha 2017, na hiyo iliyorudi si Vigo tena. Vigo zinazokuja kwetu zilitengenezwa Thailand au Afrika Kusini. Nyingine zimetumika Uingereza, ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula chesisi kwa chini. Ingia chini ya gari na bisibisi, gongagonga. Bisibisi ikizama, amka, jipanguse, nenda nyumbani.

Ninayoipendekeza mimi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni Hilux za zamani zenye injini ya 3L au 5L, hazina turbo, hazina kompyuta, mafundi wengi wa huku wameshazifungua, na spea hazikusumbui. Ya pili ni Land Cruiser pikapu, wengine mnaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa, yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Ni nzito, inakunywa mafuta, kwenye lami bajaji inaweza kukupigia honi. Bei yake pia ni kubwa, hata ikiwa imezeeka, kwa sababu kila mtu anajua haifi. Sikudanganyi kwamba ni rahisi.

Kuna mtu ataniambia, bwana shamba, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo imewekwa lami, kwa nini ninunue gari la porini? Ni kweli, lami imetusaidia sana. Ila mahindi hayaoti kwenye lami. Kutoka shambani hadi kufika hiyo lami unapita barabara za TARURA, na nyingine hata TARURA hawazijui, mmezichimba wenyewe kwa majembe. Mkihesabu kilomita, nyingi ni za lami. Mkihesabu gharama za bushi na shokapu, karibu zote ni za vumbi na tope.

Sasa kuna biashara moja ya huku kwetu ambayo watu wa mikoa mingine hawana, nayo inahitaji macho: magari ya mashirika. Tangu kambi ya Nyarugusu ianze mwaka 1996, eneo hili limejaa Land Cruiser za misaada. Mradi ukiisha, gari linapigwa mnada, na mkulima anaona mkonga wenye nembo iliyobanduliwa unauzwa bei ya kuvutia. Mara nyingi ni magari yaliyofanyiwa sevisi kwa wakati na yana daftari lake. Uliza hilo daftari, lisome. Lakini magari mengi ya namna hiyo yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ni wa shirika, si wa kwako. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na kodi ya Land Cruiser si hela ya kutoa mfukoni. Kwa hiyo kabla hujanyanyua mkono mnadani, uliza maswali mawili na ujibiwe kwa karatasi: kodi imeshalipwa? Kama haijalipwa, nani analipa? Tangazo likisema gari linauzwa "kama lilivyo na mahali lilipo", maana yake hata likigoma kuwaka kesho ni la kwako. TRA wana kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika mtandaoni. Mwambie mwanao mwenye simu nzuri akufungulie upate picha.

Kukagua nako kuna adabu yake. Nenda asubuhi na mapema, bila kumwambia mwenye gari saa, halafu shika boneti. Ikiwa ya moto, kawasha kabla hujafika, na kuna sababu kawasha. Injini ikiwaka, fungua mfuniko wa oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu pale, pistoni na ringi zimechoka. Moshi wa bluu kwenye ekzosi ni oili inaungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, shuku maji na gasketi ya silinda hedi. Halafu zunguka nyuma uhesabu majani ya springi. Ukikuta yameongezwa, na mapya yana rangi tofauti, gari hilo limebeba lumbesa maisha yake yote. Tazama chesisi nyuma ya kabini, hapo ndipo inapopinda na kupasuka. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, 1KD na 1HZ zote zinautumia, na kila kilomita 100,000 hivi unatakiwa mpya. Akijibu "bado mzima kabisa" bila tarehe, hesabu kwamba utaununua wewe. Namba ya kwenye dashibodi usiiamini sana, inarudishwa nyuma kirahisi. Amini pedeli ya klachi iliyolika na stelingi inayong'aa.

Fundi wa kumchukua awe wako, umlipe wewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi, jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela, na faini za barabarani ziangaliwe kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Mkataba muandikishiane kwa wakili. Kuhamisha umiliki ufanye wiki hiyohiyo, usikae mwaka mzima unaendesha gari lenye jina la marehemu wa watu.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapogombana na wengi. Tuseme una gunia 120 za mahindi na 30 za maharage, mkulima mzuri tu. Pikapu inabeba gunia kumi za kilo mia kihalali. Hiyo ni safari 15 kwa mwaka mzima. Fuso moja ya kukodi inazimaliza kwa safari chache, na ikiharibika njiani halali ni la mwenye Fuso. Safari 15 haziwezi kulisha gari la milioni 30. Kwa hiyo usihesabu magunia, hesabu wiki. Je, kila wiki una kitu cha kupeleka sokoni? Nyanya, ndizi, tangawizi, maziwa? Mama mmoja ninayemtembelea analima nyanya za umwagiliaji bondeni, anapeleka Kasulu mara mbili kwa wiki kiangazi chote, na mzigo ukilala siku moja kwa kukosa usafiri anapoteza robo yake. Huyo nimemwambia anunue, na hata akikopa kidogo sitamzuia. Mkulima wa mahindi matupu, hapana.

"Nitabeba mizigo ya wengine," mnaniambia. Vizuri, ila ukianza kubeba kwa malipo unatakiwa leseni ya LATRA na bima inayoendana na kazi hiyo, na ndugu zako wote watakuwa abiria wa bure. Hilo la ndugu sitanii, liweke kwenye hesabu.

Kanuni yangu ni kwamba bei ya gari isizidi theluthi mbili ya hela uliyonayo. Theluthi inayobaki ni ya mwaka wa kwanza: matairi, betri, springi, na lile gonjwa ambalo hukuliona. Kila gari lililotumika lina gonjwa moja linalojitokeza mwezi wa pili. Dizeli nayo ina bei yake, EWURA wanatangaza bei kikomo kila mwezi, na haikuulizi kama mahindi yameshuka.

Tena nasema hela uliyonayo baada ya kutoa pembejeo. Hapa siyumbi. Eka moja ya mahindi inataka mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na mmoja wa urea wa kukuzia, pamoja na mbegu. Ukiwa na eka sita unajua mwenyewe. Nimewaona watu wazima, wakulima ninaowaheshimu, wanapanda mwezi wa kumi na moja bila DAP kwa sababu hela yote ipo kwenye turbo, na mahindi yanatoka na majani ya zambarau. Gari halikuvuna chochote mwaka ule, maana hapakuwa na cha kubeba. Mzee mmoja aliuza pikapu yake mwezi wa nne, karibu nusu ya bei aliyonunulia, kwa mtu aliyekuja na hela taslimu kutoka mjini.

Kwa hiyo hata kama umeshachagua gari, nunua mbolea kwanza, iingie stoo, ufunge kufuli, ndipo upande basi kwenda kuliangalia. Mbolea ya ruzuku inauzwa kwa aliyesajiliwa tu, na wengi taarifa zenu za eka ni za zamani. Nendeni ofisi ya kijiji mkazihuishe sasa hivi wakati hakuna foleni. Na anayetaka tupitie hesabu ya gari lake pamoja, aje na daftari la mauzo ya misimu miwili. Asiyekuwa na daftari aje pia, tutakaa tukumbuke.